Mlima Erebus haukuitwa hivyo kwa sababu ya kutisha

Katika visasili vya Wagiriki wa kale, Erebus ni kiza cha kuzimu. Basi mtu akisikia kwamba kwenye Kisiwa cha Ross, Antaktika, kuna volkano hai yenye jina hilo, na jirani yake unaitwa Terror, yaani hofu kuu, huamini kwamba mabaharia waliiona milima hiyo wakashikwa na woga.

Sivyo. Majina hayo yalikuja na meli. Januari 1841 Mwingereza James Clark Ross alifika huko na meli mbili, HMS Erebus na HMS Terror, akaukuta mlima mmoja ukitoa moto na moshi katikati ya barafu. Huo akaupa jina la meli yake. Wa pili, uliokwisha kuzimika, ukapata jina la meli ya mwenzake Francis Crozier. Terror ilishushwa majini mwaka 1813 na Erebus 1826, zote zikiwa meli za kivita za kurusha makombora mazito, kwa hiyo aliyekusudiwa kutishwa alikuwa adui vitani. Na kwa kuwa zilijengwa kwa mbao nene ili zihimili mshindo wa silaha zake zenyewe, zilifaa sana kupenya barafu.

Dhana nyingine ni kwamba meli hizo zilizama palepale. La hasha, zilirudi Uingereza salama mwaka 1843. Msiba ulizikuta upande wa pili wa dunia: mwaka 1845 John Franklin alizipeleka Aktiki ya Kanada, zikanaswa na barafu, na watu 129 wakaangamia wote. Inahuzunisha kwamba mabaki ya Erebus hayakuonekana hadi 2014, na ya Terror 2016.

Wapo pia wanaosema Erebus ndio mrefu kuliko yote Antaktika. Una mita 3,794. Mlima Vinson, ulio mrefu kuliko yote huko, una 4,892.

Lakini dhana ninayotamani zaidi tuiache ni kwamba mlima huo hautuhusu. Kreta yake ina ziwa la lava, kama Nyiragongo kule Kongo. Tena una mwamba uitwao kenaiti, uliopewa jina kutokana na Mlima Kenya. Mwamba huohuo umekizunguka kibanda cha Ernest Shackleton, msafiri wa Antaktika, pale Cape Royds kisiwani humo, ambako watu wake walianzia safari ya kwanza kufika kileleni, Machi 1908.