Je, wajua maseneta wa kwanza wa Kenya walijifutia Seneti yao wenyewe?

Jioni moja tumeketi uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, vikombe vya kahawa mkononi. Bwana mmoja akatupa swali: "Hivi ni kweli Lamu na Nairobi ni sawa?" Watu wakacheka. Kumbe alikuwa akiulizia Seneti, na huko jibu ni ndiyo. Sensa ya 2019 iliihesabu Lamu watu 143,920, nayo Nairobi ilipita milioni 4. Hata hivyo, muswada unaohusu kaunti ukifika Seneti, kila kaunti ina kura moja tu. Moja ya Lamu, moja ya Nairobi, na 45 za wengine.

Mzee aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Hata zamani tulikuwa na seneta wetu. Akapotea." Hakukosea.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, serikali yake ilikuwa ya kibunge. Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu, si rais. Alishika cheo hicho kwa kuwa chama chake, KANU, kilikuwa na wabunge wengi, na Bunge hilohilo lingeweza kumwangusha. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Bunge lenyewe lilikuwa na mabaraza mawili: la wawakilishi, na Seneti ya watu 41. Kila wilaya kati ya zile 40 ilitoa seneta mmoja, na Nairobi mmoja. Lamu, pamoja na udogo wake, ikapata wake.

Waliodai mpango huo ni KADU, chama cha Ronald Ngala wa Kilifi, waliohofia kwamba wengi wangewameza wachache. Pwani ilikuwa na hofu ya ziada. Ukanda wa maili 10, pamoja na visiwa vya Lamu, kisheria ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza walikuwa wakiuendesha tangu 1895 huku wakimlipa Sultani kila mwaka. Uliingizwa Kenya kwa mapatano ya tarehe 8 Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru, na miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni kwamba mahakama za makadhi zitabaki. Ukiingia kwenye nyumba mpya kwa ahadi, lazima uulize nani ataishika ahadi hiyo.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Vifungu vilivyolinda majimbo, yaani mikoa iliyopewa mamlaka yake katika katiba ile, havikubadilishwa kwa wingi wa kawaida. Vilihitaji robo tatu ya baraza la wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Asilimia 90 ya watu 41 ni watu 37. Kwa hiyo maseneta watano wakikataa, muswada umekwama. Pwani peke yake ilikuwa na wilaya sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita, Tana River na Lamu. Wangeshikana, wangeizuia serikali nzima na bado mmoja angebaki akinywa chai.

Hawakushikana. Mwaka 1964 serikali ilitaka kuifanya nchi jamhuri, ikatishia kwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni iwapo Bunge lingekataa. Mwezi Novemba KADU ikajivunja, Ngala na wenzake wakahamia upande wa KANU, na upinzani ukaisha bila uchaguzi wowote. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenyatta akawa rais, na cheo cha waziri mkuu kikafutwa.

Wengi husema Seneti ilikufa mwaka 1966. Mimi naona ilikufa mwaka 1965, siku kiwango cha kubadilisha katiba kiliposhushwa hadi asilimia 65 katika mabaraza yote mawili. Tangu hapo watu watano hawakuwa na la kuzuia. Yaliyofuata yalikuwa mazishi tu.

Lakini mazishi yenyewe yalihitaji saini ya marehemu, kwa kuwa muswada wa kuyaunganisha mabaraza ulipaswa kupita Seneti pia. Seneta gani angekubali kukata tawi alilokalia? Jibu ni kwamba alikuwa ametandikiwa mahali pa kuangukia. Viti 41 vipya vya ubunge viliundwa, idadi ileile ya maseneta, na wao wakahamia humo bila kurudi kwa wapiga kura. Juu ya hayo, uhai wa Bunge ukasogezwa mbele hadi 1970. Muswada ukapita.

Katiba ya 2010 iliirudisha Seneti, na walioiandika walikuwa wameyaona hayo. Chini ya kifungu cha 255, mabadiliko yanayogusa muundo wa ugatuzi au kazi za Bunge hayaishii mikononi mwa wabunge na maseneta. Ni lazima yaende kwenye kura ya maoni, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi.

Pale Mkunguni kulikuwa na kijana wa Malindi, akauliza mbona wao hawana seneta wao na mji wao ni mkubwa kuliko wa Lamu. Ni kwa sababu kaunti 47 zilifuata wilaya zilizotajwa katika sheria ya mwaka 1992, na Wilaya ya Malindi ilimegwa kutoka Kilifi baada ya hapo. Akatikisa kichwa, akaagiza kahawa nyingine. "Kwa hivyo," akasema, "tulichelewa."