Ukiandika "apt update" Bado Hujasasisha Kitu: Ufafanuzi kwa Wanaosimamia Kompyuta za Taasisi

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kitengo chetu kimekuwa kikipokea maswali kutoka kwa shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo vilivyohamishia kompyuta zao kongwe kwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure. Ni hatua njema na tunaiunga mkono. Lakini malalamiko yanayotufikia yanaonyesha kwamba wengi wanaianza kazi ya kusasisha na kuiacha katikati, kisha wanaamini wamejikinga. Aliyeacha katikati yuko pabaya kuliko aliyejua wazi kwamba hajafanya chochote.

Tuanze na kosa linalojirudia kuliko yote. Amri ya `sudo apt update` (`apt` ndicho chombo cha Ubuntu cha kusimamia programu) haisakinishi chochote. Inaleta orodha tu: ghala la vifurushi (yaani programu na sehemu zake) lina nini leo, na toleo gani. Ni sawa na karani wa stoo aliyepokea orodha ya bidhaa mpya akaibandika mlangoni. Rafu ni zile zile za jana. Tumelieleza jambo hili mara nyingi na bado tunapigiwa simu na watu wanaosema "nina-update kila Jumatatu" huku mashine zao zikiwa na vifurushi vya miaka miwili iliyopita.

Baada ya orodha, andika `apt list --upgradable` uone kinachosubiri, kisha `sudo apt upgrade`. Soma muhtasari unaotokea kabla ya kukubali. Amri hiyo haiondoi kifurushi chochote kilichokwisha sakinishwa. Ikihitajika kuondoa kimoja ili kingine kisasishwe, inakiacha hicho kingine kama kilivyo na kukwambia kimebakizwa. Anayetaka na hivyo visasishwe hutumia `sudo apt full-upgrade`, na hapo ndipo umakini unapotakiwa. Ukiona hifadhidata ya wateja wako kwenye orodha ya vitakavyoondolewa, jibu ni `n`, halafu uliza.

Hivi karibuni tuliitwa kwenye ofisi moja ambayo mhudumu wake alikuwa mwangalifu kweli. Daftari lake lilikuwa na tarehe na sahihi kila wiki. Tulipofungua `/var/log/apt/history.log`, tukakuta kerneli mpya (kerneli ni kiini cha mfumo endeshi) zimesakinishwa mwezi baada ya mwezi, bila kukosa. Kisha tukaandika `uptime`: seva ilikuwa haijazimwa kwa siku 412. `uname -r` ikatutajia kerneli ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kazi yote ile ilikuwa imelala kwenye diski, kwa sababu kerneli haianzi kutumika mpaka mashine iwashwe upya. Ubuntu yenyewe ilikuwa imemwachia ujumbe: faili la `/var/run/reboot-required` lilikuwapo, na kando yake lile la `.pkgs` lenye majina ya vifurushi vinavyodai kuwashwa upya. Hakuna aliyemwambia alitafute. Kosa si lake peke yake, maana mkuu wake alikuwa amepiga marufuku kuzima seva "wateja wasije wakalalamika".

Wakuu wa ofisi, tafadhali tengeni muda wa kuwasha upya. Dakika kumi usiku, mara moja kwa mwezi, zinatosha kwa ofisi nyingi. Hakikisheni tu nakala rudufu imechukuliwa kwanza, na kwamba umeme hautategemea ekstensheni ambayo mlinzi huichomoa achaji simu. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, mara nyingi mashine hupona kwa `sudo dpkg --configure -a`. Msikimbilie kusakinisha mfumo upya.

Yapo pia masasisho ya kiotomatiki. Ubuntu huja na `unattended-upgrades` ikiwa imewashwa, nayo husakinisha masasisho ya usalama kila siku. Mambo mawili hayafahamiki. La kwanza, haiwashi mashine upya isipokuwa umeiruhusu katika `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`. La pili ni saa. Usakinishaji umepangwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, na huweza kuchelewa kwa hadi saa nzima ili mashine zote zisivamie ghala kwa pamoja. Seva nyingi husakinishwa zikiwa na saa za UTC (saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu) na hakuna anayebadilisha. Saa kumi na mbili ya UTC ni saa tatu asubuhi hapa kwetu Kenya, wakati foleni imefika mlangoni, na huduma kama hifadhidata huweza kuzima na kuwaka tena mteja akiwa dirishani. Ndipo tunaambiwa "masasisho yanaharibu kazi". Andika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi` na tatizo hilo limekwisha.

Wakati huohuo wa kiotomatiki ndio chanzo cha ujumbe wa `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Maana yake ni kwamba mchakato mwingine unaandika kwenye kumbukumbu za vifurushi kwa sasa, nao hutajwa papo hapo kwa namba. Subiri umalize. Tunasihi, na tutaendelea kusihi: usilifute faili la kufuli kwa sababu video fulani imekuelekeza hivyo. Kufuli lile linazuia michakato miwili isiandike mahali pamoja.

Ukimya wa toleo lililokwisha muda unatutia wasiwasi zaidi. Ubuntu 20.04 ilitoka Aprili 2020, na huduma yake ya kawaida ilifikia kikomo Mei 2025. Mashine inayoitumia haigomi. Ukiandika amri zote nilizotaja, itakwambia vifurushi vyote ni vya kisasa, na haidanganyi: ni vya kisasa kwa kadiri ya ghala ambalo haliletewi kitu tena. Angalia toleo lako kwa `lsb_release -a`. Walio kwenye 20.04 wapande kwanza hadi 22.04 kwa `sudo do-release-upgrade`, kisha 24.04, huwezi kuruka. Asiyeweza kupanda sasa ajiunge na Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine tano, taasisi zilipie.

Na `apt` inasimamia kile tu kilichopitia kwake. Programu uliyoipakua kwenye tovuti ukaifungua ndani ya `/opt`, au mfumo wa hesabu alioleta fundi kwenye flashi, haumo katika hesabu yake. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilitangaziwa Machi 2017 kiraka (sasisho la kuziba pengo la usalama) cha Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya tovuti. Ilikuwa bado haijakiweka kwenye mfumo wake mmoja Mei, wavamizi walipoingia. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Andikeni orodha ya kila kilichosakinishwa nje ya ghala, na jina la mtu anayekifuatilia.

Sasa sheria, kwa kuwa tunaulizwa "kwani mtatufanya nini". Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinamtaka anayehifadhi data za watu ahakikishe kinga zake zinasasishwa mfululizo kadiri hatari mpya zinavyojitokeza. Data ikivuja na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, kifungu cha 43 kinakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Saa hizo zinahesabiwa tangu ulipofahamu, si tangu bodi ilipokutana. Ukichelewa, taarifa yako sharti iambatane na sababu za kuchelewa. Anayechakata data kwa niaba yako, mathalani kampuni inayotunza seva yenu, anapaswa kukuarifu bila kukawia, na inapowezekana ndani ya saa 48. Ilani ya adhabu yaweza kufikia shilingi milioni 5, au kwa biashara asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Makosa ambayo hayakutajiwa adhabu mahususi yana faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wenu.

Mkaguzi akifika, sahihi za daftarini hazitamtosha. Atataka kuona matokeo ya `uname -r`, kurasa za mwisho za `history.log`, na kwamba `/var/run/reboot-required` haipo. Chapisheni hayo matatu kila mwezi, yatiwe tarehe, yawekwe kwenye jalada moja na orodha ya programu za nje ya ghala.