Jamani, Hizo Si Mbao za Meli

Mgeni akiingia nyumba ya kale hapa Lavenham, Suffolk, Uingereza, hata koti hajavua, atainua kichwa, ataona boriti iliyopinda yenye matundu matupu, kisha atatamka kwa uhakika: "Hizi ni mbao za meli." Wiki hii kalisema mwenye nyumba mwenyewe, mimi niko juu ya ngazi na patasi mkononi. Mteja ni mteja, nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Lavenham iko bara, mbali na bahari. Nani angekokota mabaki ya meli kwa mkokoteni kwenye matope ya karne ya 15, na mialoni imejaa jirani? Tena kijiji kilikuwa na hela: vitambaa vyake vya sufu, hasa vya buluu, vilikitajirisha hata miaka ya 1520 kikawa kinalipa kodi kubwa kuliko miji mingi inayokizidi ukubwa.

Halafu seremala wa enzi hizo alichonga mwaloni ukiwa mbichi. Ukikauka, huo unakula patasi. Nani aache mti laini akahangaike na mbao ngumu iliyojaa vyuma? Mwaloni mbichi hukaukia ndani ya nyumba: unasinyaa, unajipinda, unavuta na sakafu. Kupinda kwingine ni kwa makusudi, maana mti uliopinda tangu msituni ulitafutwa kwa kazi ya kukazia kona.

Sasa matundu, ambayo ndiyo yanayonikera. Chukua tochi. Tundu la mstatili lilipokea ulimi, yaani ncha iliyochongwa, wa mbao nyingine. Kitundu cha duara kando yake ni cha msumari wa mti. Ukiyaona yamepangwa mstari chini ya boriti, hapo palikuwa na ukuta, mtu kaubomoa apate sebule kubwa. Ukuta wenyewe ulikuwa fito zilizokandikwa udongo wenye majani makavu na mavi ya ng'ombe. Aliyekulia nyumba ya udongo hahitaji somo. Tazama pia karibu na kiungo: I, II, III, IIII, zimekwaruzwa kwenye mbao. Fremu iliunganishwa kwanza chini, ikapewa namba, ikafumuliwa, ndipo ikasimamishwa. Namba zikifuatana, fremu iko pale ilipozaliwa. Zikirukaruka, huenda mbao imetoka nyumba nyingine. Nyumba, narudia.

Si kwamba kila boriti naielewa. Yapo matundu nimeyapapasa nikashindwa kujua yalishika nini. Kuhesabu pete za mti ili kujua ulikatwa mwaka gani nako hakuokoi kila mara: mialoni mingi ya huku ilikua haraka, pete chache, na kipimo hakitoi mwaka. Ukiambiwa "nyumba ya 1425" bila hati wala kipimo, kunywa chai yako. Na ile rangi nyeusi kwenye mbao? Aghalabu ni mtindo wa karne ya 19. Tusipoteze muda.

Nyumba za mbao za meli zipo, sikatai. Kinu cha Chesapeake Mill kule Wickham, Hampshire, kilijengwa 1820 kwa mbao za manowari ya Marekani iliyotekwa 1813. Hiyo inajulikana jina na vita vyake. Kwa hiyo ukinionyesha boriti yenye mashimo ya bolti nene, kutu imezama na kuacha madoa meusi ndani ya mbao, tena uko karibu na gati palipovunjwa meli, nitashuka ngazi tuongee. Tundu la ulimi peke yake, naendelea na kazi.