Kuachilia: maana yake katika maamuzi ya kila siku

Kiswahili kina namna yake ya kukazia kitenzi kwa kukirefusha. Kushika huzaa kushikia na kushikilia, yaani kushika kwa nguvu na kwa muda mrefu, na kwa njia hiyo hiyo kuacha huzaa kuachia na kuachilia, ambako ni kuufungua kabisa mkono uliokuwa umeshika kitu. Ndege huachiliwa, mfungwa huachiliwa, hata deni au kosa huachiliwa. Neno hilo linapotumika kwa maamuzi, maana yake ni hii: mtu akishachagua jambo moja kwa sababu zinazotosha, anakubali kwa hiari yake kwamba yale aliyoyaacha hayamdai tena.

Maana hiyo isichanganywe na kupuuza. Anayepuuza hakuuliza wala hakupima, na pengine hakujali. Anayeachilia alipima kwanza, kisha akakoma kupima. Vilevile si kukata tamaa, kwa sababu aliyekata tamaa ameliacha jambo lenyewe, ilhali aliyeachilia ameacha tu kulirudiarudia moyoni baada ya kuliamua.

Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Mtu anayekwenda kununua dagaa wa matumizi ya nyumbani atakuta meza nyingi, bei zinazokaribiana, na wauzaji ambao kila mmoja ana maneno mazuri kuhusu mzigo wake. Akiamua kwamba anataka dagaa walio bora kuliko wote sokoni, amejitwika kazi isiyo na mwisho, kwa kuwa hawezi kumjua aliye bora mpaka awe amepita kila meza, na akifika ya mwisho, ile ya kwanza huenda imekwisha kuuza. Lakini akitoka nyumbani akiwa amejiwekea kigezo, kwa mfano dagaa wakavu, waliokaushwa juu ya kichanja badala ya kuanikwa mchangani, kwa bei isiyozidi kiasi alichobeba, basi meza ya kwanza inayotimiza masharti hayo inatosha, na safari yake imekwisha.

Mtaalamu wa Kimarekani Herbert Simon, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alilieleza jambo hili kwa uangalifu mkubwa tangu miaka ya 1950. Alionyesha kwamba binadamu hana muda, taarifa wala uwezo wa akili wa kulinganisha njia zote zilizopo, na kwa hiyo, katika hali halisi, hutafuta mpaka apate kinachofikia kiwango alichojiwekea, kisha hukoma. Simon hakuuona mwenendo huo kuwa uvivu. Kutafuta nako kuna gharama yake, na kwa mnunuzi wa samaki wabichi gharama hiyo huonekana kwa macho: sato aliyekuwa na matamvua mekundu asubuhi hatakuwa vilevile saa saba mchana, baada ya mnunuzi kuzunguka mara tatu akilinganisha.

Kuna upande wa pili wa kuachilia ambao, kwa maoni yangu, ndio mgumu zaidi, nao ni kuachilia kile kilichokwisha kutumika. Tuseme mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa alinunua gunia kwa shilingi 100,000, na leo wanunuzi wanampa 85,000. Jibu linalomjia haraka ni kwamba hauzi chini ya bei aliyonunulia. Anasubiri wiki, mvua za masika zinaingia, unyevu unaufikia mzigo, na gunia linashuka hadi 60,000. Kosa lake halikuwa kusubiri, maana kusubiri huweza kuwa uamuzi mzuri. Kosa lilikuwa sababu iliyomfanya asubiri. Zile 100,000 zilikwisha kutoka mkononi mwake na hakuna uamuzi wa leo unaoweza kuzirudisha, kwa hiyo swali lililomstahili lilikuwa moja tu: je, kuna sababu ya kuamini kwamba bei ya wiki ijayo itapanda kuliko ya leo, kiasi cha kufidia hatari ya mzigo kuharibika? Wachumi huiita fedha ya namna hiyo gharama iliyozama, na mtu aliyekulia kando ya ziwa hahitaji maelezo marefu kuhusu kitu kilichozama kwenye kina kirefu. Anayeachilia hasemi kwamba hasara haikumuuma. Inamuuma, lakini haikubali iwe mshauri wake.

Hali hiyo hiyo huonekana katika mambo madogo kuliko biashara. Msafiri anayetoka katikati ya jiji la Mwanza kwenda Sengerema anaweza kuvuka kwa kivuko cha Kamanga, au akazunguka kwa barabara na kupita Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Njia zote mbili humfikisha. Hata hivyo yupo msafiri ambaye, akiwa tayari amekaa ndani ya kivuko, hutumia safari nzima akihesabu dakika ambazo angeziokoa darajani, na kwa hiyo huilipia safari moja mara mbili, kwanza kwa nauli na kisha kwa amani ya moyo wake.

Si kila uamuzi unaostahili kuachiliwa mapema. Kiwanja huchunguzwa mpaka nyaraka zake na mipaka yake ijulikane, na mgonjwa anayeambiwa afanyiwe upasuaji ana haki ya kuuliza maswali hadi aelewe. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni kuangalia kama kosa linaweza kurekebishwa na kwa gharama gani. Dagaa wenye mchanga huoshwa zaidi, au wiki ijayo mtu hubadilisha muuzaji. Kiwanja chenye mgogoro huweza kula miaka ya familia nzima. Tabu ni kwamba wengi wetu huchoka kwa kupima mambo ya namna ya kwanza, na tunapofikia ya namna ya pili tumeishiwa subira.

Ipo pia hatua moja ambayo lugha yenyewe inaitaja, nayo ni kumwachia mtu. Mzazi anapomtuma kijana wake Mwaloni, amemkabidhi pamoja na fedha sehemu ya uamuzi. Ana wajibu wa kumweleza vigezo kabla hajaondoka: wawe wakavu, wasiwe na mchanga, bei isizidi hapa. Kijana akirudi na mzigo unaotimiza hayo yote, kumuuliza kwa nini hakupita na kwa yule muuzaji wa karibu na geti ni kuurudisha mkononi uamuzi uliokwisha kutolewa, na safari ijayo kijana huyo atapiga simu mbele ya kila meza.