Bega lililoteguka si la kufungwa mpaka maumivu yaishe
Msimu wa karafuu Pemba, mtu akianguka mkarafuuni bega likateguka, nasaha ya barazani ni moja: lifunge, usilitikise mpaka maumivu yaishe. Nusu yake ni kweli. Kwanza lirudishwe mahali pake hospitalini, kwa picha ya eksirei, maana huenda na mfupa umevunjika. Kuvutwavutwa na jirani ni hatari. Kisha mkono hutundikwa shingoni (hata kwa kanga), mara nyingi wiki 1 hadi 3. Ukizidisha, mfuko unaozunguka kiungo hukakamaa, na bega lililoganda laweza kuchukua zaidi ya mwaka kulegea. Daktari akiruhusu, inama, shika meza kwa mkono ulio mzima, ule mbovu uuache uning'inie, uuzungushe taratibu. Kuuma kidogo si kuharibika. Kupanda juu ya mkarafuu, hilo lisubiri miezi.