Kiangazi cha Thailand na ng'ombe wa maziwa: mabua ya mpunga, machicha ya mihogo na majani yenye asili ya kwetu

Mvua ya kaskazini mashariki mwa Thailand hukatika karibu na mwisho wa Oktoba, na hadi Mei hakuna ya kutegemea. Kwa mkulima wa mpunga hiyo ni nafuu, maana Novemba na Desemba anavuna shamba likiwa kavu. Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ndiyo miezi ya kubana. Majani mabichi yamekwisha, joto la Machi na Aprili linapita nyuzi 38, na ng'ombe aliyekuwa akitoa kilo 15 kwa siku anashuka hadi 10. Kule maziwa hupimwa kwa kilo, si kwa lita.

Ufugaji huu kwao si wa mababu. Vijijini ng'ombe na nyati walikuwa wa kulima na kuvuta mikokoteni, na uzito wa mchuzi ulitoka kwenye tui la nazi, si kwenye maziwa. Shamba la mfano lililojengwa kwa msaada wa Denmark huko Muak Lek, mkoa wa Saraburi, lilifunguliwa Januari 1962 na Mfalme Bhumibol pamoja na Mfalme Frederik IX wa Denmark. Mwaka 1971 serikali ya Thailand ililichukua na kuunda shirika la kuendeleza ufugaji wa maziwa. Ng'ombe wekundu wa Denmark walioletwa mwanzoni walishindwa na joto na kupe, ikabidi wachanganywe na damu ya zebu, ng'ombe wenye nundu wa nchi za joto. Leo wengi walio zizini ni chotara wenye zaidi ya robo tatu ya damu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Damu hiyo inaleta maziwa, lakini pia inaleta tumbo lisilokubali kudanganywa kwa mabua matupu.

Ukiwauliza wafugaji wa Saraburi au Nakhon Ratchasima wanalisha vipi, wengi watakutajia kanuni moja: kilo 1 ya chakula cha nyongeza, ule mchanganyiko wa kiwandani wa mifuko, kwa kila kilo 2 za maziwa. Ni rahisi kukumbuka, na wakati wa mvua inafanya kazi. Kiangazi ndiyo inayoumiza ng'ombe. Chukua ng'ombe wa kilo 450 anayetoa kilo 14. Kwa kanuni hiyo anapewa kilo 7 za nyongeza, ambazo zikitolewa unyevu zinabaki kama 6.2. Mabua ya mpunga anayokula, tuseme ni kilo 4, yanabaki 3.6. Chakula chenye nyuzinyuzi kimekuwa asilimia 37 tu ya mlo wote. Mimi sipendi kishuke chini ya 40, tena hapo ni kama nyongeza imegawanywa mara nne kwa siku. Desturi ya wengi ni mara mbili tu, wakati wa kukamua, kilo tatu na nusu kwa mkupuo.

Kinachofuata kinajulikana. Wanga mwingi unachachuka kwa kasi tumboni na tindikali inapanda. Ng'ombe anaacha kucheua, kinyesi kinakuwa uji wenye mapovu, na mafuta ya maziwa yanashuka. Baada ya miezi kadhaa kwato zinaanza kuuma. Mfugaji anaona maziwa yamepungua, anaongeza nyongeza, na tatizo linazidi. Kipimo changu cha kwanza nikiingia zizini hakihitaji chombo: saa mbili hivi baada ya kulisha, kati ya kila ng'ombe kumi waliolala, sita au zaidi wawe wanacheua. Wakiwa watatu, usiniambie habari za aina ya mfuko wa chakula.

Kituo cha kukusanyia maziwa nacho kinaliona tatizo hilo, kwa namna yake. Makopo yanafika kwa pikapu asubuhi na jioni. Mpokeaji anachota kidogo, anachanganya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi kwenye kijaribio cha kioo, anatikisa na kukiinamisha kwenye mwanga. Chembe zikiganda ukutani mwa kioo, maziwa yanakataliwa. Kiangazi hutokea maziwa yakaganda ingawa yamekamuliwa saa moja tu iliyopita na chombo ni safi. Hayajachacha. Ng'ombe amepungukiwa nguvu na madini mpaka protini ya maziwa haivumilii alkoholi. Bei nayo huenda na ubora, yaani mafuta, yabisi zisizo mafuta (protini, sukari na madini ya maziwa), idadi ya bakteria na seli za kiwele, ambazo zikiwa nyingi ni dalili ya kiwele kuugua. Ng'ombe aliyebanwa kwa chakula hushusha yabisi zisizo mafuta, hata kama mkamuaji ni hodari wa usafi. Sehemu kubwa ya maziwa hayo huishia shuleni: tangu 1992 serikali hugawia watoto mililita 200 kwa siku, siku 260 kwa mwaka, zikiwemo za likizo ambapo mtoto hupewa pakiti za UHT, maziwa yasiyohitaji friji, aende nazo nyumbani.

Sasa, nyuzinyuzi zitoke wapi? Kilicho kingi kuliko vyote ni mabua ya mpunga. Yana protini ya asilimia 3 au 4 tu, na yamejaa madini ya mchanga yanayoyafanya magumu kumeng'enywa. Dawa yake ni urea, ile ile ya kukuzia mpunga. Kwa kilo 100 za mabua makavu, yeyusha kilo 5 za urea katika lita 100 za maji. Tandika turubai la plastiki, panga mabua tabaka la sentimita 20 hadi 30, nyunyizia kwa bomba la kumwagilia bustani, kanyaga vizuri, kisha tabaka jingine. Funika, ziba kingo zote kwa udongo, na uache siku 21. Rundo likifunguliwa, kilichoiva kimegeuka kutoka manjano mpauko hadi rangi ya kahawia, ni laini mkononi, na harufu yake inachoma macho. Kitandaze usiku kucha kabla ya kulisha ili hewa ya amonia itoke. Protini ghafi hufika asilimia 7 au 8, na ng'ombe anakula zaidi kwa sababu mabua yamelainika.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni maji. Watu huogopa kuyamwaga mengi, wakatumia lita 40 au 50. Urea inahitaji unyevu ili igeuke amonia. Ikikauka inabaki punje punje juu ya mabua, na ng'ombe atakayelamba punje hizo anaweza kufa kwa sumu siku hiyo hiyo. Mabua yaliyofungwa marobota kwa mashine yana kasoro yake: maji yanapita pembeni na katikati panabaki pakavu, kwa hiyo fungua robota kwanza. Ukiona ukungu mweupe au mweusi, hewa imeingia. Sehemu hiyo itupwe, isichanganywe na nyingine kwa kuionea huruma.

Molasi, ule uji mzito unaobaki sukari inapotengenezwa, usiweke wakati wa kusindika. Sukari ikikutana na amonia kwenye joto hutengeneza kemikali inayomfanya ng'ombe kuchanganyikiwa, kukimbia ovyo na kugonga kuta, na sumu hiyo hupita kwenye maziwa hadi kwa ndama. Molasi mwagia siku ya kulisha. Ndama walio chini ya miezi 6 wasiguse mabua haya kabisa. Ng'ombe wakubwa waanze na nusu ya mabua ya urea na nusu ya kawaida kwa wiki moja au siku kumi, na ukague mfuko wa nyongeza: kama kiwanda tayari kimetia urea, punguza.

Mabua, hata yakisindikwa, hayana nguvu ya kutosha. Hapo inaingia mihogo. Nakhon Ratchasima ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha mihogo nchini humo, na viwanda vya wanga hutoa machicha mengi yanayouzwa yakiwa bado yanachuruzika. Tatizo ni kwamba mnunuzi analipia maji: katika kilo 10 za machicha, kavu ni kama kilo 2 tu. Wanga bado umo, nusu ya uzito mkavu au zaidi, ila protini ni asilimia 2 hivi. Kilo 8 hadi 10 kwa ng'ombe kwa siku zinasaidia, ilimradi zitolewe baada ya mabua na si kabla. Yakiachwa wazi yanachacha na kuota ukungu upesi sana. Yashindilie kwenye shimo au pipa la lita 200, uyafunike kwa plastiki na uzito juu, na kila siku ukate upande mmoja wima badala ya kuchota hapa na pale. Makopa nayo hutumika, yakisagwa ndani ya nyongeza, lakini ni wanga ule ule, na mzigo wa tindikali unahesabiwa pamoja.

Majani ya mihogo ndiyo ninayoyapa thamani zaidi. Sisi tunayajua kama kisamvu, na tunajua kwa nini hutwangwa na kuchemshwa sana: mabichi yana sumu ya sayanidi. Profesa Metha Wanapat wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen ndiye aliyeeneza njia ya kuyafanya hei, yaani majani yaliyokaushwa ya kulishia. Mihogo hupandwa karibu karibu, kwa ajili ya majani na si mizizi. Hukatwa mara ya kwanza ikiwa na miezi mitatu, kisha kila baada ya miezi miwili, pamoja na vishina laini. Hukatwakatwa na kuanikwa juani siku moja hadi tatu mpaka majani yavunjike ukiyakunja. Jua hupunguza sayanidi hadi kiwango salama, na kinachobaki kina protini ya asilimia 20 hadi 25, pamoja na tanini kiasi, kemikali kali ya mimea, inayoifanya protini hiyo isiishie yote tumbo la kwanza. Kilo 1 au 2 kwa siku juu ya mabua ya urea, na unaweza kupunguza nyongeza bila maziwa kushuka. Kosa la kawaida ni kuyageuza mara nyingi mno yakiwa makavu. Majani yanapukutika, mfugaji anabaki na vijiti.

Ratchaburi na Kanchanaburi, upande wa magharibi, wana bahati nyingine: mahindi machanga, yale yanayochunwa kabla punje hazijajaa na kuuzwa kama mboga. Wamenyaji hukaa chini ya kivuli na kisu kidogo, wanapasua ganda kwa urefu mara moja na kuchomoa gunzi laini lisilozidi kidole. Sehemu kubwa ya uzito wa kila hindi inabaki sakafuni, na magari ya wafugaji huzoa maganda hayo siku hiyo hiyo. Ni chakula kizuri, kitamu kwa ng'ombe, ila kina maji mengi. Siku ya tatu kimeshapata joto na ukungu. Uliza pia shamba lilipuliziwa dawa lini.

Kuhusu saa za kulisha, joto ndilo linaloamua. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na tena alasiri. Saa sita mchana akiwa anahema mdomo wazi hatagusa mabua, maana kumeng'enya nyuzinyuzi kunazalisha joto lake mwenyewe. Atakula nyongeza tu, kwa kuwa ni tamu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, hata theluthi mbili, ingetakiwa kuwekwa jioni na usiku. Maji yawe kivulini. Feni na manyunyu ya maji husaidia pale hewa inapopita. Kwenye banda lenye kuta yanaongeza unyevu tu.

Nimeacha majani mabichi mwisho kwa sababu ndiyo wasomaji wa Kenya na Tanzania huulizia. Mabingobingo ya Pakchong 1 yalizalishwa wilaya ya Pak Chong, Nakhon Ratchasima, na Dkt. Krailas Kiyothong, kwa kuchanganya mabingobingo ya kawaida na uwele. Mimea yote miwili ina asili ya Afrika. Majani ya ginea aina ya TD 58, wanayopenda sana wafugaji wa huko, yalitoka Tanzania na kufika Thailand kupitia Côte d'Ivoire, na wakulima wadogo wa kaskazini mashariki huyavunia mbegu kwa kufunga masuke mafungu mafungu yakiwa bado shambani, kisha kuyakung'uta ndani ya wavu kila baada ya siku chache.

Pakchong haitoi mbegu inayofaa, hupandwa kwa vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, mstari hadi mstari mita 1.2. Ikatwe karibu kabisa na ardhi kila siku 45 hadi 60. Wauzaji wa vipande hutangaza protini ya asilimia 16 hadi 18. Hiyo ni ya majani machanga sana. Kwenye siku 60 mimi hupanga mlo kwa 8 hadi 10, na kwenye siku 90 unalisha mianzi. Mavuno makubwa yanayotajwa nayo ni ya shamba lenye umwagiliaji na samadi. Kwa saileji, yaani majani yaliyochachishwa bila hewa ili yadumu, acha majani yanyauke nusu siku kwanza, katakata sentimita 2 au 3, tia molasi asilimia 2 hadi 3, shindilia na ufunge siku 21. Bila kunyausha, maji yanajikusanya chini ya mfuko na saileji inanuka kama siagi iliyooza.

Na kwa aliye Kenya au jirani: usinunue vipande kwa mtu usiyeona shamba lake. Ugonjwa wa kudumaza mabingobingo na ule wa masizi meusi kwenye masuke husafiri ndani ya vipande. Nenda uangalie shina zilizochipua upya baada ya kukatwa. Ukiona majani madogo ya manjano, mafupi, yaliyosongamana kwenye shina moja, usichukue kitu pale. Yakitokea kwako, ng'oa shina zima na mizizi yake, uchome moto.