"Mke Wangu Hafanyi Kazi": Dhana Potofu Kuhusu Mzazi Anayebaki Nyumbani Uingereza

Jumamosi iliyopita walikuja watu sita kwenye meza yangu ya ushauri wa kodi hapa London, na wanne kati yao wakaniambia neno lilelile: "Hela ya watoto iandike kwa jina langu, mke wangu hafanyi kazi." Huyo wa nne nilimwomba anisubiri kidogo nikanywe chai.

"Fomu ya Child Benefit ijazwe na anayeleta mshahara."

Hapana, hapana, hapana. Wengi wanaiona Child Benefit, yaani hela ya watoto ambayo serikali inawalipa wazazi, kuwa hela tu: paundi 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata, kwa viwango vya Aprili 2025. Swali lao ni moja, iingie akaunti ya nani. Lakini fomu ile ina kazi ya pili. Mzazi mwenye jina kwenye fomu, kama hana kipato cha kukatwa National Insurance (NI, mchango wa bima ya taifa unaokatwa kwenye mshahara na kuhesabiwa kwenye pensheni ya serikali), anaandikiwa mwaka wa pensheni kana kwamba amechangia, mpaka mtoto wa mwisho afikishe miaka 12. Hatoi hata senti. Jina likiwa la mume, ambaye tayari anakatwa NI kazini, mwaka ule unamwagika chini. Yeye anao wake, wa pili haumfai kitu, na mkewe hana hata mmoja.

Tupige hesabu. Pensheni kamili ya serikali inataka miaka 35, na ukiwa na chini ya 10 hupati kitu. Kwa mwaka 2025/26 pensheni hiyo ni paundi 230.25 kwa wiki. Mama aliyelea miaka 12 bila jina lake kuandikwa, na asiyekuwa na miaka mingine ya kuzibia pengo, amekosa karibu paundi 79 kila wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya 4,000, tangu anastaafu hadi mwisho wa maisha yake.

Kuna dada mmoja, watoto watatu, alifungua rekodi yake ya NI kwenye simu hapahapa mezani. Akawa anashusha kwa kidole: 2013, mwaka haujatimia. 2014, haujatimia. 2015, haujatimia. Mumewe amekaa pembeni, kofia mkononi, kimya. Dada akaniuliza, "Haujatimia nini? Mwaka huo nilikuwa silali!" Sikuwa na jibu la maana. Nikamtolea fomu CF411A, ambayo ndiyo ya kuomba miaka ihamishwe kutoka kwa mume kuja kwa mke. Msiichezee muda, maana kadiri unavyochelewa ndivyo unavyolazimika kujieleza.

Wenye mishahara minono nao wana lao: "Nalipwa zaidi ya 80,000 kwa mwaka, hela yote ya watoto itachukuliwa tena kwa kodi, nijaze ya nini?" Jaza, kaka. Kwenye fomu kuna mahali pa kusema hutaki kulipwa. Malipo yanasimama, miaka ya mama inaendelea kuandikwa. Ila wenye viza inayosema huruhusiwi fedha za umma, msiguse fomu hii kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji, kwa kuwa Child Benefit ni mojawapo ya fedha hizo.

Na mimi nikiulizwa kama ni haki mlipakodi ambebe mzazi wa nyumbani, nasema ni haki, tena ningetaka mwaka huo uandikwe wenyewe tangu mtoto anaposajiliwa. Mpango unaotegemea fomu unawafaa wanaosoma fomu.

"Kodi yangu inawalipa wanawake wakae nyumbani."

Hili naambiwa na watu wasiojua kodi yao wenyewe inavyokatwa. Tangu Aprili 1990 Uingereza inamtoza kila mtu peke yake, mke mbali na mume mbali. Chukua nyumba mbili za England, kila moja inaingiza 60,000 kwa mwaka. Ya kwanza mmoja anafanya kazi, mwenzake analea: kodi ya mapato ni paundi 11,432. Ya pili kila mmoja anapata 30,000: kwa pamoja wanalipa 6,972. Nyumba yenye mzazi nyumbani inalipa 4,460 zaidi. Hela ya watoto nayo ni hivyohivyo, kwani inaanza kurudishwa mmoja akivuka 60,000 na kwisha yote akifika 80,000. Wawili wenye 59,000 kila mmoja hawaguswi. Na saa 30 kwa wiki za chekechea bila malipo huko England kwa kawaida zinataka wazazi wote wawili wawe kazini. Mwenye mama nyumbani kwa kawaida anangoja mtoto afike miaka mitatu ndipo apate saa 15. Sasa nani anambeba nani?

"Marriage Allowance ni ya maharusi wapya."

Ni punguzo la kodi kwa wanandoa ambao mmoja kipato chake hakifiki 12,570 na mwenzake analipa kodi ya asilimia 20. Inapunguza hadi paundi 252 kwa mwaka na unaweza kudai miaka minne ya nyuma. Nikaha iliyofungwa sebuleni hapa London bila kusajiliwa haihesabiki. Iliyofungwa Unguja au Mombasa kwa kufuata sheria ya kule ni habari nyingine, leteni cheti.

"Bibi analea wajukuu bure, basi."

Si bure. Kama bibi hajafika umri wa pensheni, mjukuu yuko chini ya miaka 12 na mzazi yuko kazini, mwaka wa mzazi unaweza kuhamia kwa bibi. Jambo hili lipo tangu Aprili 2011, na mwaka huu mzima nimejaza fomu yake mara mbili tu.

Jumamosi ijayo nipo kuanzia saa nne asubuhi. Njooni wote wawili, na mama aje na simu yake mwenyewe, kwa sababu namba ya kuingilia akaunti yenye rekodi ya NI inatumwa kwenye simu iliyosajiliwa, na mwezi huu mara tatu imekwenda kwenye simu ya mume aliyekuwa zamu ya mchana.